Mwanangu, kumfuatilia Hurrem sio kumuiga

Mwangaluka mwanangu,

Ile meseji yako ya kwenye group niliisoma nikiwa sokoni Mwaloni, mikono imejaa dagaa sikuweza kujibu, nikasema nitakuandikia vizuri nikitulia. Unasema eti mama siku hizi anashabikia wauaji, na mtu anayefurahia kuangalia uovu lazima kuna kitu moyoni mwake. Shangazi yako akaweka kicheko, baba yako akanyamaza, na alikuwa na haki ya kunyamaza maana ndiye anayeniuliza kila jioni kama saa mbili ya tamthilia imeshafika.

Kwanza tukubaliane, Hurrem wa kwenye Sultan, ile tamthilia ya Kituruki, ni mtu mbaya, hapo sibishani na mtu. Anapika fitina, anamchonganisha mumewe Sultani Suleiman na Ibrahim rafiki yake wa ujanani mpaka jamaa ananyongwa (na kwenye historia kweli Ibrahim Pasha aliuawa 1536 kwa amri ya huyohuyo bosi wake), halafu akageukia kwa mtoto wa mke mwenzie, Mustafa. Mustafa naye aliuawa 1553, aliyetoa amri ni baba yake mzazi, iko kwenye vitabu. Sisi wote tulijua anakufa, na bado Azam TV walipoionyesha ile na sauti zake za Kiswahili, asubuhi wamama walikuja sokoni macho yamevimba kama wametoka matanga.

Sasa mimi ninachomfuatilia Hurrem ni akili. Yule aliletwa mtumwa, hana ndugu, lugha haijui, na mwisho Sultani akamuoa ndoa kabisa, jambo ambalo pale ikulu halikuwa kawaida. Kila wakimziba huku anatokea kule, na mimi nataka nione leo atachomokaje. Kuna siku naomba anaswe, kuna siku naomba apone, na kuna siku naomba yote mawili ndani ya dakika kumi, baba yako ananishangaa. Ila hujawahi kunisikia nikisema alifanya vizuri.

Na wewe sio wa kwanza kulalamika. Huko Uturuki hii Sultan ilianza kuonyeshwa 2011, watu wakapiga kelele, mpaka mwishoni mwa 2012 Erdogan, wakati ule ni waziri mkuu, akaisema hadharani kwamba Suleiman wanayemjua wao alikaa miaka 30 juu ya farasi, sio huyo wa kwenye tv. Watu wakasikia, na saa yake ikifika wakawasha tv, ikaenda hivyo hadi 2014. Mi naona kilichomuuma pale ni heshima ya babu tu, maana hiyo miaka 30 ya juu ya farasi nayo ilikuwa ya kuua watu, mbona hiyo haikumsumbua.

Halafu wewe umelelewa na hadithi za bibi yako wa Ukerewe. Abunuwasi anaazima sufuria, anarudisha na kasufuria kadogo anasema imezaa, jirani kwa tamaa anapokea, mara ya pili anaambiwa sufuria imekufa. Huo si utapeli ni nini? Mlikuwa mnacheka mpaka mnagaragara kwenye mkeka na hakuna aliyekua akawa mwizi wa sufuria. Hapa Mwaloni wapo watu wanacheza na mizani mchana kweupe na sijasikia hata mmoja amesema nilifundishwa na tamthilia. Tena niseme ukweli, hizi tamthilia zimenisaidia, maana mtu anayekuja kukuibia huku haji na sura ya adui, anakuja anacheka, anakuita mama, anakuulizia watoto. Mtu uliyemuona Hurrem akimbembeleza anayetaka kummaliza, angalau unashtuka kidogo.

Lakini sisemi kwamba kila kitu sawa. Kuna mahali mtu anapotea, na wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha likizo ile uliponiwekea Breaking Bad kwenye laptop. Yule mwalimu wa kemia, Walter White, anaumwa saratani, anaanza kupika madawa ya kulevya eti familia isibaki na shida, tukamuonea huruma weee, halafu taratibu anageuka mtu wa kutisha. Ukanisimulia kwamba Anna Gunn, dada aliyeigiza mke wake, watazamaji walimchukia kiasi kwamba Agosti 2013 akaandika kwenye New York Times kuuliza chuki yote hiyo ya nini. Mke kosa lake lilikuwa kumbana mumewe! Yaani mtu anapika sumu, anadanganya nyumbani, na anayechukiwa ni yule anayeuliza ulikuwa wapi. Hapo ndio naogopa mwanangu, pale unapomkasirikia aliye sahihi kwa sababu anakuchelewesha kuona utamu. Kumfuatilia mbaya hakunitishi, mradi bado unamuona na yule anayeumizwa, na mimi kwa Mustafa nililia.

Sasa tuje kwenye hiyo unayoiita tamthilia safi, ya yule kijana tajiri na binti wa dukani. Nimeangalia na mdogo wako vipande kadhaa. Hakuna maiti, hakuna sumu, kweli. Ila kijana anamvuta binti mkono mbele za watu, anachukua simu yake anasoma meseji, anamkataza kuongea na mfanyakazi mwenzie, anamfuata mpaka kwao usiku, na kila akifanya hivyo wanapiga ule muziki laini na binti anaangalia chini anatabasamu. Nyie hosteli mnasema awww anampenda. Mimi kunyonga watoto wa wafalme hakuna mtu atakayejaribu hapa Kirumba, hata hao wafalme hatuna. Lakini wa kushika simu ya mtu na kumpangia marafiki wapo mtaa mzima, na huwa wanaanza hivyohivyo, kwa kuitwa wivu wa mapenzi. Hurrem akifanya ubaya tamthilia inakuambia huu ni ubaya, inakuonyesha na wanaolia. Yako inakuambia ndio raha. Sasa ipi ina uovu?

Sikukatazi kuiangalia, angalia, hata mimi yule kijana namuona ni mzuri wa sura na mashati yake yanampendeza. Ila siku atakayekuja kwako wa kweli akataka namba ya siri ya simu yako usije ukasikia muziki. Na mdogo wako, huyu ndio kwanza yuko darasa la sita, ukimkuta anaangalia kaa naye muulize maswali, usimzimie tv, ukimzimia ataenda kwa jirani na kule hakuna wa kumuuliza.

Nauli nitakutumia Ijumaa dagaa wakishatoka. Uje na laptop na chaja yake, mara ya mwisho uliiacha hosteli tukaishia katikati na yule mwalimu, na mwisho wake usinisimulie wala usimwambie baba yako, hawezi kukaa na siri.

Mama yako