Maktaba za vyuo zisiwaache wanafunzi wategemee steshenari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kuhusu maktaba za vyuo vyetu.

Katika chuo ninachofundisha, kitabu cha takwimu wanachokitegemea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kina nakala 1 tu maktabani, na kurasa zote za sura ya nne zimekatwa kwa wembe. Sitetei uharibifu huo, lakini chanzo chake nakijua: fedha za vitabu na viandikwa anazokopeshwa mwanafunzi na Bodi ya Mikopo kwa miaka mingi zimekuwa hazizidi Sh200,000 kwa mwaka, na kitabu kimoja cha kuagiza ng'ambo huweza kuzimaliza zote. Ndiyo maana wengi huishia steshenari kununua desa, yaani kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, au hutumiana picha hizo kwa simu.

Ubaya wa desa nilionyeshwa na mwanafunzi wangu asiyeona. Alifungua faili alilotumiwa na wenzake, akanipa simu nisikilize. Programu inayomsomea maandishi kwa sauti ilitaja namba ya ukurasa, ikanyamaza, ikataja ukurasa uliofuata, ikanyamaza tena, kwa kuwa kwa programu hiyo kila ukurasa ulikuwa picha tu isiyo na hata herufi moja. Wenzake wamepata kitabu kwa bei nafuu. Yeye bado husubiri jioni apatikane mtu wa kumsomea.

Kwa hiyo bei ya vitabu na haki ya wanafunzi wenye ulemavu ni jambo moja, na maktaba inaweza kulishughulikia kwa pamoja. Tangu mwaka 2012, mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice nchini Marekani umekuwa ukitoa bure mtandaoni vitabu vya kiada vya vyuo, vikiwamo vya takwimu, fizikia, biolojia na uchumi. Leseni ya vingi kati ya hivyo inamruhusu mtu yeyote kuvichapa, kuvirekebisha au kuviandika kwa nukta nundu bila kuomba kibali, mradi amtaje mwandishi. Kwa vitabu vyenye hakimiliki, upo Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Unazitaka nchi wanachama ziruhusu nakala zinazosomeka na wasioona kutengenezwa bila idhini ya mwenye haki, na kubadilishana nakala hizo kati ya nchi na nchi.

Vitabu huru kama hivyo vya OpenStax vina upungufu wake, kwani mifano yake ni ya dola na maisha ya Marekani, ilhali mwanafunzi wa Njombe angeelewa upesi zaidi wastani na mtawanyo kwa mavuno ya mahindi au nauli za daladala. Leseni inaturuhusu kuibadilisha mifano hiyo, na hiyo ni kazi yetu wahadhiri, si ya mkutubi.

Ninachoomba ni utaratibu. Mkutubi apewe orodha ya vitabu vya kila kozi miezi miwili kabla ya muhula, badala ya kuipata wanafunzi wakiwa wameshapanga foleni. Atafute kitabu huru kinacholingana, akiweke kwenye seva ya maktaba ili kipakuliwe bila kutumia bando, na achapishe nakala kadhaa kwa wasio na kompyuta. Kabla ya kukipokea, akisikilize kwa programu ileile anayoitumia mwanafunzi asiyeona.

Orodha yangu ya muhula ujao nimeshaipeleka, na sura nne za kwanza za kitabu cha takwimu nimeanza kuzirekebisha. Nawaomba wakuu wa idara katika vyuo vingine wadai orodha kama hizo kwa wahadhiri wao kabla wanafunzi wapya hawajaripoti.

Mhadhiri,
Iringa