Utomvu wa mti kwenye rangi ya gari: uache ulainike kwanza

Wateja wengi wanaotuletea gari lililodondokewa na utomvu huja na matatizo mawili: matone yenyewe, na mikwaruzo iliyotokana na kuyakwangua. Matone huwa tunayamaliza bila shida. Mikwaruzo ndiyo inayotuchukulia muda, na ndiyo inayomgharimu mteja. Inatuuma kuona boneti nzuri imechakaa mahali palipohitaji kitambaa chenye spiriti na subira ya dakika moja tu.

Utomvu, hasa ule mzito wa misonobari, huanza kukauka juu. Unapata ganda gumu, ndani bado unanata, na vumbi na mchanga uliopita na upepo vyote vimeganda humo. Ukiusugua mkavu, mchanga huo ndio unaouburuza juu ya rangi. Juu ya rangi ya gari nyingi kuna klia, ile safu angavu inayotoa mng'ao, na unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, yaani mwembamba kuliko unywele. Kila mkwaruzo tunaouondoa kwa polishi unapunguza klia kidogo, na iliyopungua hairudi mpaka gari lipigwe rangi upya.

Kwa hiyo anza mapema, lakini ukishaanza usiwe na papara. Jua likiupiga utomvu siku baada ya siku, unazidi kushikamana, unasinyaa unapokauka, na unaweza kuacha alama iliyozama kwenye klia hata baada ya tone kutoka.

Kabla ya kushika dawa yoyote, hakikisha ni utomvu kweli. Matone madogomadogo mengi yaliyotapakaa gari zima baada ya kuegesha chini ya mti mara nyingi si utomvu. Ni majimaji matamu ya vidukari, wadudu wanaofyonza majani. Hayo ni sukari. Maji ya uvuguvugu na shampuu ya gari huyatoa, usihangaike na spiriti.

Kama ni utomvu, sogeza gari kivulini na usubiri bodi ipoe. Lioshe kwanza, lote au angalau sehemu hiyo na pembeni yake, ili mchanga uondoke. Utomvu mbichi unaweza kutoka hapohapo. Uliobaki unahitaji spiriti, yaani alkoholi ya isopropili, ya asilimia 70 inatosha. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa mlango. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, acha. Huenda gari lako ni la zamani na halina klia.

Lowesha kitambaa safi cha maikrofaiba, kilaze juu ya tone, kisha kiache kwa nusu dakika hadi dakika moja. Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanaanza kusugua papo hapo. Kiinue uangalie. Tone lililokuwa gumu litakuwa limelegea kingoni, na ukiligusa linavutika uzi. Likiwa hivyo, libane kwa kitambaa na ulinyanyue, usilizungushe. Geuza kitambaa upande safi kila mara, maana utomvu uliokwisha kutoka una mchanga wake. Tone nene hutoka tabaka kwa tabaka. Rudia mara tatu au nne badala ya kutumia nguvu mara moja. Ukimaliza, suuza kwa maji. Spiriti hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo fanya kazi penye hewa na pasipo na mtu anayevuta sigara.

Ukiwa safarini huna spiriti, jeli ya kutakasa mikono yenye alkoholi inafaa. Tena kwenye mlango inakaa vizuri kuliko spiriti, kwa sababu haichuruziki.

Thina, asetoni na dawa ya kutoa rangi ya kucha zisikaribie gari lako. Zinaweza kulainisha rangi yenyewe, na kwenye taa za mbele za plastiki asetoni huleta nyufa nyembamba zisizotibika. Petroli watu huitumia sana. Ni hatari ya moto kwa kazi isiyoihitaji. Wembe ni wa kioo tu: uwe mpya, kioo kiwe na maji ya sabuni, na uulaze karibu sambamba na kioo chenyewe.

Spiriti inaondoa utomvu pamoja na waksi, basi sehemu uliyoisafisha ipake waksi tena siku hiyohiyo. Ipitishie vidole kwanza. Ikiwa bado inakwaruza, kuna mabaki, na udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukitumiwa na kilainishi chake, utayatoa. Ikiwa ni laini lakini unaona duara hafifu mwanga ukiangukia pembeni, hilo limo ndani ya klia na haliondoki kwa kufuta. Hiyo ni kazi ya mashine ya polishi, na kabla ya kuigusa sisi hupima unene wa rangi.

Kuna magari ambayo tungependa uyalete bila kujaribu chochote zaidi ya maji na shampuu: lililopigwa rangi wiki chache zilizopita, maana rangi mpya huchukua muda kukomaa, lenye rangi isiyong'aa, ambalo ukilisugua linabaki na doa linalometa, na lenye paa la kitambaa. Ukituletea, tuambie gari limekaa na utomvu kwa muda gani na umeshapaka nini, hata kama ni mafuta ya taa au siagi. Hatukulaumu. Tunahitaji kujua kilichopo juu ya rangi ili tusichanganye dawa.