Mwanangu, kabla hujajaza fomu ya wodi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana nikitoka zamu ya usiku, usingizi ukanipaa. Unasema fildi yako ya uuguzi, yale mafunzo ya vitendo ya mwaka wa mwisho, utajaza thieta, chumba cha upasuaji. Kwanza, wenzako wote wanaikimbilia. Pili, tangu yule mtoto afariki mikononi mwako leba, wodi ya kujifungulia, hutaki tena kusikia habari za vichanga. Hili la pili ndilo linaloniandikisha.

Thieta ni kazi ya heshima, sikukatazi. Ila mimi pia nilifuata mkumbo nikaichagua, katika hospitali kubwa yenye wanafunzi wengi kuliko vitanda. Wiki sita nilisimama ukutani nyuma ya madaktari wanafunzi. Nilitoka na kitabu kilichojaa saini za kazi nilizoziona kwa macho tu. Nilipopangiwa zahanati, nilishika ambubegi, ule mfuko wa kumpa mtoto pumzi, huku mikono ikitetemeka, na mama wa mtoto ananitazama.

Nakuomba uende wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati. Kule daktari hupita na kuondoka, anayebaki ni muuguzi. Utamkuta mtoto wa kilo 1.2, unamlisha maziwa ya mama yake kwa mrija, tone kwa tone. Unahesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde, maana mtoto mchanga huvuta haraka haraka, kisha akatulia kidogo. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, umejidanganya. Kati ya 30 na 60, sawa. Akisahau kupumua, wewe ndiye wa kwanza kuona, unamsugua mgongo, anakumbuka. Kisha unamfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Usiidharau njia hii ya kangaruu ukadhani ni ya kukosa mashine. Utafiti uliotoka 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa ikianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengemae, vifo vya njiti wa kati ya kilo 1 na 1.8 hupungua kwa robo.

Sasa kuhusu yule mtoto. Ulikuwa mwaka wa pili, na zamu ile mlikuwa wawili kwa leba nzima. Hakuna aliyekuwa amekushika mkono akakufundisha ile dakika ya dhahabu: mkaushe, mchangamshe, asipolia anza kumpa pumzi kabla sekunde 60 hazijaisha. Wakunga wa hospitali nane nchini walipofundishwa hivyo kwa vitendo, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Matokeo yalitangazwa 2013. Mikono ni ile ile, mwanangu. Imefundishwa tu.

Kabla hujajaza, nenda wodini jioni, usiende asubuhi wakati wa raundi. Msalimie sista inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, kwa adabu, umuulize zamu moja huwa na wanafunzi wangapi, na nani atakusimamia unapofanya. Akikujibu kwa kukuonyesha watoto, jaza. Akikujibu kwa kukuonyesha orodha ya majina, tafuta hospitali ya wilaya.

Jumapili niko mapumziko. Njoo na fomu, na ile saa yako iliyokatika mkanda uje nayo, tuipeleke kwa fundi.

Shangazi yako