Gramu mia za nini? Kusoma etiketi ya nyama na kuku

Mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, aliingia dukani juzi na pakiti mbili za soseji ambazo hakuzinunua kwetu. Akaziweka juu ya kaunta, kando ya mizani, akazigeuza upande wa nyuma. "Papa, daktari alikataza bwana yangu chumvi. Hii inaandika 1,5. Hii inaandika 600. Si hii ya 600 njo iko na chumvi mingi?"

Nikavaa miwani. Ya kwanza ilitoka Ulaya na imeandikwa "Sel 1,5 g", yaani chumvi kwa Kifaransa. Ya pili imeandikwa "Sodium 600 mg". Sodiamu si chumvi nzima, ni sehemu yake tu. Ukitaka kupata chumvi unazidisha mara 2.5. Miligramu 600 mara 2.5 ni miligramu 1,500, yaani gramu 1.5. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Mama, zinalingana. Chumvi ni moja, wameiandika kwa namna mbili."

Kijana wetu anayekata nyama akachungulia begani kwangu, akaweka kidole kwenye maandishi madogo juu ya jedwali. Pakiti ya kwanza ilihesabu kwa gramu 100. Ya pili ilihesabu kwa soseji moja, gramu 50. Kwa hiyo ile ya pili ina gramu 3 za chumvi katika kila gramu 100, mara mbili ya mwenzake. Mama alikuwa amepatia, ingawa kwa njia yake, na mimi mwenye bucha nimekosea mbele ya foleni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Soseji mbili za pakiti ile zimeshakula gramu 3, na bado hujagusa sombe wala mchemraba wa supu uliotumbukizwa kwenye sufuria.

Tangu siku hiyo nimeona afadhali niandike, maana swali lile huja dukani kila wiki kwa sura tofauti.

Nyama ya kartoni inayofika Lubumbashi ina asili nyingi. Kuna kuku wa Brazili, mapaja ya Marekani, vitu vya Ubelgiji, Uholanzi na Polandi, na bidhaa za Afrika Kusini zinazopanda na malori hadi mpaka wa Kasumbalesa. Kila etiketi iliandikwa kwa kufuata sheria ya nchi fulani, ikimfikiria mnunuzi wa huko. Upo msingi wa pamoja wa kanuni za chakula unaoitwa Codex Alimentarius, ulioanzishwa mwaka 1963 na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, pamoja na Shirika la Afya Duniani, na Kongo yetu ni mwanachama. Mwongozo wake wa etiketi za lishe, wa mwaka 1985 na uliorekebishwa mara kadhaa, unataja nishati, protini, wanga, sukari, mafuta, mafuta yaliyoshiba na sodiamu. Juu ya msingi huo kila nchi imejenga nyumba yake. Ulaya inalazimisha hesabu ya gramu 100 na inataka neno "chumvi". Mmarekani anahesabu kwa mlo mmoja, na kwa nyama mbichi mlo huo kawaida ni gramu 112, kwa sababu wao hupima kwa aunsi na hizo ni aunsi 4. Brazili nayo huandika sodiamu, na tangu Oktoba 2022 sheria yao mpya inataka alama nyeusi ya kioo cha kukuzia mbele ya pakiti, yenye maneno "ALTO EM", yaani "ina kingi cha", ikiwa chakula kigumu kilichotengenezwa kina sodiamu ya kuanzia miligramu 600 kwa gramu 100, au mafuta yaliyoshiba ya kuanzia gramu 6. Ukiikuta alama hiyo kwenye soseji au mortadela, huhitaji miwani yangu.

Sasa swali tunaloulizwa zaidi: mbona nyama yenu ya kwenye ndoano haina jedwali? Hata Ulaya, nyama mbichi isiyochanganywa na kitu imesamehewa jedwali la lishe, ambalo ni la lazima kwa vyakula vingi vya pakiti tangu tarehe 13 Desemba 2016. Marekani wameamua vingine. Tangu tarehe 1 Machi 2012 nyama ya kusaga lazima iwe na jedwali kwenye pakiti yake, na vipande vikuu kama paja na kidari vinaweza kuelezwa kwa bango tu karibu na mahali pa kuuzia. Bango! Mchinjaji mdogo wa huko amesamehewa hata hilo la nyama ya kusaga, mradi asianze kujisifu kwa madai ya lishe. Sheria inayokukamata pale unapojisifu naiona ya akili.

Na kuna sababu ya kuikazania nyama ya kusaga. Paja la ng'ombe unaliona kwa macho: mafuta meupe haya, nyama nyekundu hii. Ikishapita kwenye mashine, vyote vinakuwa rangi moja ya waridi. Huko Marekani muuzaji anaruhusiwa kuandika "asilimia 80 nyama isiyo na mafuta", lakini lazima aandike pia asilimia 20 ya mafuta, palepale, kwa herufi za ukubwa uleule. Fanya hesabu uone kwa nini. Gramu 100 za nyama hiyo ikiwa mbichi zina mafuta gramu 20 na protini kama gramu 17. Gramu ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya protini hutoa 4. Mafuta pekee ni kilokalori 180, protini ni 68. Nyama inayojiita "asilimia 80 bila mafuta" inakupa zaidi ya theluthi mbili za nguvu zake kutoka kwenye mafuta. Hakuna aliyedanganya: moja ni hesabu ya uzito, nyingine ni hesabu ya nguvu.

Halafu maji. Hapa ndipo pesa ya mteja inapovujia.

Tulichukua mfuko mmoja wa mapaja ya kuku yaliyogandishwa, kwenye mizani ukasoma kilo moja kamili. Tukayaweka usiku kucha kwenye chujio juu ya beseni, ndani ya friji. Asubuhi beseni lina maji ya rangi ya waridi, mapaja yamebaki gramu 860. Tukaurudia mfuko, tukautafuta mstari wa viungo: kuku, maji, chumvi, na fosfati, inayosaidia nyama kushika maji. Maji hayo hayakuingia kwa bahati mbaya. Yalidungwa. Kuku hudungwa maji ya chumvi ili asikauke akipikwa, na ndiyo sababu mapaja mabichi yanaweza kuwa na sodiamu ambayo kuku wa kawaida hana. Afrika Kusini, baada ya malalamiko ya miaka, iliweka kikomo mwaka 2016: maji hayo yasizidi asilimia 10 kwa kuku mzima na 15 kwa vipande. Ulaya inasema kipande cha nyama kilichoongezwa maji zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake lazima kiseme hivyo ndani ya jina lenyewe la bidhaa. Kwa hiyo soma jina hadi mwisho. Kama jina ni refu kuliko kuku, kuna sababu.

Viungo huandikwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa. Maji yakishika nafasi ya pili, unajua unanunua nini.

Kwenye soseji na mortadela za bei ya chini tafuta maneno "viande séparée mécaniquement", pengine yamefupishwa VSM. Ni nyama iliyokwanguliwa kwenye mifupa kwa mashine hadi ikawa kama uji mzito. Si sumu, na ndiyo inayofanya soseji iwe rahisi, lakini Ulaya hairuhusu ihesabiwe kama nyama: lazima itajwe peke yake. Mimi siiuzi. Anayeinunua akijua, sina ugomvi naye.

Ngozi ya kuku ndiyo inayochekesha. Paja bichi lenye ngozi lina karibu kilokalori 220 kwa gramu 100. Lilelile bila ngozi ni kama 120, na mafuta yanashuka kutoka gramu 16 na kitu hadi kama 4. Watu wananiomba "kuku wa kupunguza mwili" wa bei ghali, wakati kisu kidogo kingemaliza kazi. Ukituomba tukuvulie ngozi, tunavua bila malipo, na tunakupa ngozi yako kwenye mfuko, maana kuna bibi nyumbani atakayeiulizia.

Tuje kwenye michopo, nyama yetu ya kuchoma, kwa sababu bila michopo hatujaongea na mtu wa Lubumbashi. Mteja mmoja alisoma kwenye simu kwamba nyama ya mbuzi ina protini gramu 27. Akaja akaona karatasi ya lishe tuliyobandika dukani inaandika 20 na kidogo, akaona tumempunguzia. Zote mbili ni kweli. Mbuzi mbichi ana protini kama gramu 20.6 kwa gramu 100. Akishachomwa anafika 27. Moto haujatengeneza protini, umefukuza maji. Kilo ya mbichi haibaki kilo ikitoka kwenye makaa, na kila mwenye kuchoma michopo anajua hilo kuliko sisi. Gramu mia za mbichi na gramu mia za iliyoiva ni vitu viwili, na etiketi nzuri husema ni ipi.

Kuhusu homoni, kwa sababu mtaniuliza: kule Marekani homoni haziruhusiwi kwa kuku hata kidogo, na anayetaka kuandika "bila homoni" kwenye pakiti ya kuku analazimika kuongeza sentensi inayosema kwamba sheria inazikataza kwa kuku wote. Anajisifu kwa kutofanya ambacho jirani yake pia hawezi kufanya. Msilipe faranga ya ziada kwa maneno hayo.

Sisi tumefanya nini? Kwenye kioo cha friza tumebandika karatasi moja, kwa Kiswahili na Kifaransa, ya nyama tunazouza zaidi: ng'ombe, mbuzi, kuku mwenye ngozi na asiye na ngozi, maini. Namba tumezitoa kwenye majedwali ya chakula yanayojulikana, na tumeandika juu, kwa herufi kubwa, MBICHI, BILA MFUPA, GRAMU 100. Ni wastani, si kipimo cha mbuzi yule aliyening'inia leo. Hatuna maabara, na hatutaandika "mafuta kidogo" kwenye kitu ambacho hatujapima.

Soseji zetu wenyewe ni jambo lingine, kwa sababu chumvi yake tunaipima kwa mkono wetu. Ni gramu 18 kwa kilo ya mchanganyiko, yaani 1.8 kwa gramu 100, ongeza kidogo ile iliyomo kwenye nyama yenyewe, weka 2. Kuanzia mwezi huu imeandikwa kwenye kila mfuko, pamoja na mnyama, tarehe ya kutengeneza na uzito. Kwa wagonjwa wa presha tunatengeneza nyingine ya gramu 8 kwa kilo, kila Alhamisi, kwa kuagiza siku moja kabla. Haidumu kama ile nyingine, chumvi ndiyo iliyokuwa inailinda, kwa hiyo umeme ukikatika usiku kucha usiihurumie, itupe.

Mama wa Katuba ameshaagiza ya Alhamisi mbili. Na wewe kama una pakiti nyumbani usiyoielewa, ilete, hata kama ni tupu, hata kama si ya kwetu. Asubuhi kabla ya saa nne foleni ni fupi. Ya Kifaransa tunaisoma papo hapo, ya Kireno tunakisia vizuri. Ya Kipolandi uje na subira.