Afungue sanduku la mamake

Mhariri,

Msomaji aliyeandika Jumamosi iliyopita kuwashambulia vijana wanaovaa fulana za pizza na magauni ya mananasi amenifanya nisimamishe cherahani. Kwa maneno yake, huo ni upuuzi uliozaliwa kwenye simu, na mtu mwenye haya havai anachokula. Mimi nashona nguo za kike hapa Malindi, huu mwaka wa 31, kwenye kibaraza kilekile alichoniachia shangazi yangu, na haya ninazo. Namwomba bwana huyo kitu kimoja tu: afungue sanduku la mamake.

Atatoa leso, yaani kanga, na kwenye leso atakuta korosho. Nasema lile umbo la tone lililopinda shingo. Wazungu waliliita Paisley, jina la mji wa Uskoti uliokuwa ukifuma shali za kuigiza zile za Kashmir, na kabla ya hapo lilikuwa la Waajemi na Wahindi. Wanawake wa pwani hawakuuliza nasaba. Waliliangalia, wakaona korosho, na korosho limebaki jina lake. Mamangu alikuwa na doti nyingine ya mananasi, pindo jeusi, mji (yaani uwanja wa ndani ya pindo) wa manjano, nanasi dogo kila pembe na kubwa katikati, na jina lake "Wali wa kushiba huonekana kwenye sinia". Aliijifunga hadi ikawa laini kama kitambaa cha kuchujia tui, na mwishowe ndiyo kazi iliyofanya. Sikumbuki jirani aliyemwambia amevaa shamba.

Hao wa Ulaya na Marekani nao hawakuanza jana. Mjukuu wangu anasomea mambo ya mavazi, na jioni hunionyesha picha huku nikimalizia pindo. Ndiye aliyenionyesha gauni jeupe la mbunifu wa mavazi Elsa Schiaparelli la 1937, lenye kamba mawe mkubwa mwekundu aliyebuniwa na mchoraji Salvador Dalí. Alilivaa Wallis Simpson, yule mama aliyefanya mfalme wa Uingereza akaacha kiti. Kamba amekaa mzima mbele ya sketi, na mimi jicho langu lilikwenda hapo kwanza. Miaka ya 1960 kampuni ya supu ya Campbell's ilikuwa na gauni la karatasi lililojaa picha za mikebe yake. Ulituma dola moja na lebo mbili za mikebe, ukaletewa. Kwa msimu wa 2012 Dolce & Gabbana, wabunifu wa mavazi ambao ni Wataliana kama majirani zetu wengi hapa, wakajaza magauni biringanya na pilipili. Mwaka 2014 Moschino, nyumba nyingine ya mitindo, wakapandisha jukwaani nyekundu na manjano ya mikahawa ya McDonald's. Hilo sikulipenda. Biringanya imeota shambani, lakini lile lilikuwa bango la duka la mtu, na anayelibeba ndiye anayelipa. Na lile gauni la nyama mbichi alilovaa mwimbaji Lady Gaga mwaka 2010 nilimwambia mjukuu alifunike upesi, maana siku hiyo nilikuwa nimetoka buchani kununua robo kilo.

Ugomvi wangu mimi ni wa mkasi.

Maua madogomadogo humsamehe fundi. Ukikata kombo kidogo, jicho halioni. Chakula hakisamehe, kwa sababu kila mtu anajua limau lilivyo, na akiona nusu yake imegongana na nusu ya jingine kwenye mshono, anajua kuna lililoharibika. Halafu vitambaa hivi vingi vina kichwa na miguu, matunda yote yamening'inia upande mmoja. Vipande vyote lazima uvilaze vikitazama njia moja, huwezi kukipindua kimoja ili kuokoa nafasi. Gauni ninalolitoa kwa mita tatu za maua litaniomba tatu na nusu, hata nne. Mteja akisikia nne anadhani namwibia. Mama mmoja wa Kitaliano aliniletea pamba ya malimau mita tano bila kuulizwa, nikamshukuru mara mbili.

Mwaka jana dada wa bibi harusi mmoja alileta kitambaa cha samaki wekundu, kama changu waliotoka baharini asubuhi ile. Mita tatu kamili. Nikamwambia hazitoshi. "Mama fundi, wewe banabana tu." Nikabana. Mbele samaki walipanda juu vizuri, kila mmoja na jicho lake. Mgongoni kipande kilichobaki hakikuingia mpaka nikigeuze, wote wakatazama chini. Nililiona hilo saa tano za usiku, na arusi ilikuwa kesho yake. Ukumbini alipogeuka kuchukua sahani, bibi mmoja akasema kwa sauti iliyofika jikoni: "Mbele wa leo, nyuma wa juzi." Mteja yule hajarudi, na simlaumu. Mkasi nilishika mimi, ningemrudishia kitambaa chake.

Kuna na suala la mahali pa kuweka tunda. Mananasi mawili makubwa hayakai kifuani, hata kama kitambaa kimejileta hivyo chenyewe. Sogeza shingo inchi nne, ukate upya. Wasichana ninaowafunza huwaambia hilo kabla hawajajua kutia uzi kwenye sindano.

Wengine huniuliza habari ya swala. Embe na limau halina shaka. Samaki na kamba ni viumbe, na wengi wetu hatupendi kuswali na picha ya chenye roho mwilini. Mteja wa hivyo namwambia mapema, aamue yeye na ustadh wake kabla sijakata.

Sasa linaloniuma. Mtumba ukifunguliwa sokoni, fulana ni za pizza, za donati, za parachichi lililotiwa macho na mikono. Vijana wanavaa hizo kwa kuwa ndizo zilizopo. Mahamri nani ameyachora? Hamri ni pembetatu iliyofura, mchoraji gani angeomba umbo zuri kuliko hilo? Na kaimati zinazong'aa kwa shira, na viazi vya karai na manjano yake, na embe ngowe, refu, lenye mdomo uliopinda kama lile korosho la mamangu!

Mwezi uliopita tulitandaza karatasi juu ya meza ya kukatia, mjukuu na mimi, tukachora leso kwa ukubwa wake halisi. Pindo la mahamri yanayofuatana, pembe kwa pembe. Kila kona sahani ya mbaazi. Mji wa rangi ya tui, na ngowe katikati. Hamri lake la kwanza lilitoka bapa kama sambusa iliyokaliwa. Nikainuka, nikaumua unga, nikakaanga manne ili aone jinsi linavyofura upande mmoja kwanza, halafu linavyobaki na ule mstari mweupe ukingoni mahali mafuta yalipochelewa kufika. Tulikula mawili, mawili yakakaa mezani kama mfano. Kufika magharibi yalikuwa yamenyauka, lakini mstari ule ameupata.

Picha tumempelekea mwenye duka la leso mmoja Mombasa. Kazi ameipenda, ila anasema leso bila jina haitoki dukani, na hapo amesema kweli. Mjukuu anataka "Kizuri kula na mwenzio". Jina hilo limelala. Leso ya haja inamchoma mtu mmoja pale mtaani, na mwenyewe anajijua. Mimi nilifikiria "Umenusa, hukualikwa", lakini mume wangu anasema kwa jina hilo tutagombana na nusu ya mtaa.

Basi wasomaji wenye ulimi wapendekeze kupitia ukurasa huu, maneno yasizidi sita ili yaingie juu ya pindo. Yule bwana wa Jumamosi naye anakaribishwa, maneno anayo.

Mama fundi,
Malindi