Familia za marubani wa Pwani, someni rosta kabla ya mshahara

Mhariri,

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, swali moja hurudi Lamu na Malindi. Mtoto amefanya vizuri hesabu na fizikia, anataka urubani. Je, tuuze kiwanja tumsomeshe? Wazazi huulizia mshahara. Wakwe nao, siku posa ikifika, huulizia mshahara. Sisi tunaoshughulika na kupanga zamu za marubani tungependa waanze na maswali mengine mawili: kwa mwezi atalala nyumbani mara ngapi, na katika pesa anazotajiwa ni zipi zisizotikisika? Majibu ya yote mawili yamo katika karatasi moja, nayo ni rosta, yaani ratiba ya zamu. Familia isiyojua kuisoma huteseka hata pesa zikiwa nyingi.

Nianze na pesa. Mara nyingi malipo ya rubani huwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mshahara wa kimsingi, ambao huingia hata ndege zikipungua. La pili ni marupurupu ya saa za kuruka, na hapo ndipo watu hukosea hesabu. Saa hizo huanza kuhesabiwa ndege inaposogea ili ikapae, na hukoma inaposimama mwisho wa safari. Chukua mfano wa rubani wa Caravan, ndege ndogo ya abiria, aliyepangiwa uwanja wa Wilson wa Nairobi, Malindi, Manda ambao ndio uwanja wa Lamu, kisha Wilson. Anaripoti kazini saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo kitandani ametoka saa kumi. Kufika Malindi ni kama saa moja na nusu, Malindi hadi Manda nusu saa, na kurudi Wilson saa moja na dakika arubaini. Jumla ni saa tatu na dakika arubaini. Lakini kuna kukagua ndege, kujaza mafuta, kupanga mizigo kwa uzani, na kungoja abiria ambao bado wako kwenye boti wakivushwa kutoka Lamu mjini. Anapotia sahihi ya kumaliza kazi ni saa nane mchana. Amefanya kazi saa nane. Atalipwa marupurupu ya saa zisizofika nne.

Tena hawezi kujiongezea saa kama dereva wa matatu anavyojiongezea tripu. Kanuni za nchi nyingi zimeweka kikomo cha saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, na kwa mwaka saa 900 au 1,000. Kikomo hicho ni cha kulinda roho za watu, na hakuna bosi wala mke wala mkopo unaoweza kukisogeza.

Kisha kuna msimu. Kwetu Pwani, masika yakishika, hoteli nyingi za Lamu na Malindi hupunguza kazi au hufunga milango kabisa hadi mvua zikatike. Abiria wakipungua, safari hupungua, na fungu la saa huporomoka Mei, wakati huohuo karo ya muhula wa pili inadaiwa. Julai na Agosti ndege hujaa, Desemba hufurika. Nyumba yenye busara huchukua pesa za Agosti na Desemba ikaziweka kwa ajili ya karo ya Januari na ukame wa Mei. Nyumba isiyojua hununua gari Desemba.

Wasiosadiki wakumbuke mwaka 2020. Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa Machi 25. Ndege za abiria za humu nchini zilirudi Julai 15, na za kimataifa Agosti 1. Kwa miezi hiyo fungu la saa kwa marubani wengi lilikuwa sufuri, na mshahara wa kimsingi wenyewe mashirika mengi yaliukata. Ndiyo maana akiba ya rubani ni vyema ifike matumizi ya miezi sita. Miezi mitatu, ambayo watu wa ofisini huiona ya kutosha, haitoshi katika kazi hii.

Kuna na makato. Kwa aliye katika daraja la kodi la asilimia 30, kila shilingi 100,000 za marupurupu ya saa hutoa 2,750 za bima ya afya ya jamii na 1,500 za ushuru wa nyumba, halafu kodi hutozwa kwenye 95,750 zinazobaki. Mkononi hufika kama 67,000. Mshahara ukivuka 500,000 kwa mwezi, kiasi kinachozidi hapo hutozwa asilimia 32.5, na ukivuka 800,000 asilimia 35. Kwa hiyo kodi ya nyumba, karo na rejesho la mkopo vyote vitoke kwenye mshahara wa kimsingi baada ya makato. Marupurupu ya saa yajenge, yawekezwe, yalipe deni la chuo mapema. Mwenye benki akikukopesha kwa kutazama hati ya mshahara ya Desemba, mpe na ya Mei.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe, na hapa naomba nafasi zaidi. Jambo linaloamua maisha ya ndoa ya rubani kuliko cheo chake ni kituo chake cha kazi. Wengi wanaoruka kuja Pwani wana kituo Nairobi, Wilson au Jomo Kenyatta. Mtu akisema ataweka familia Malindi au Lamu na kwenda kazini Nairobi, mwambieni aweke rosta mezani na azihesabu siku za kungoja simu. Katika siku hizo hajapangiwa safari, ila akipigiwa ni lazima afike uwanjani ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi saa moja au mbili. Siku hizo hawezi kuzikalia Shela kule Lamu. Atahitaji chumba Nairobi. Hivyo zamu inayoonekana kwenye karatasi kama ya kupumzika, kwa mke na watoto ni siku ya kutokuwapo, na kwa mfuko ni kodi ya nyumba ya pili.

Tiketi za wafanyakazi nazo huwadanganya wengi. Ni za bei nafuu, lakini kwa kawaida unapanda ikiwa kiti kimebaki tu. Wiki ya Maulidi ya Riyadha, Idd na Desemba, kiti hakibaki. Kutoka Malindi kuna njia ya pili: kama saa mbili kwa barabara hadi Mombasa, kisha treni ya SGR, ambayo ni saa tano au sita. Kutoka Lamu ni boti hadi Mokowe, kisha barabara ndefu ya Witu na Garsen. Anayetakiwa kuripoti alfajiri asafiri jana yake, na akikosa ndege ya kwanza awe bado na ya pili. Usiku huo wa kusafiri mapema haulipwi na mtu. Rubani wa Malindi anaweza kulimudu hili kwa nidhamu. Kwa wa Lamu, kwa maoni yangu, si jambo la kujaribu katika miaka ya mwanzo, maana miaka hiyo ndiyo yenye siku nyingi za kungoja simu.

Miaka ya mwanzo huwa migumu hivyo kwa sababu ya orodha ya ukongwe. Katika mashirika mengi makubwa, likizo nzuri, kituo kizuri na kupanda ukapteni huenda kwa aliyetangulia kuajiriwa. Rubani akihamia shirika jingine huanza chini tena, hata kama ana saa 5,000 za kuruka. Ongezeko dogo la mshahara linaweza kumgharimu Idd tano mfululizo.

Nikitaja Idd, kuna kosa linalorudiwa kila mwaka. Rosta hutoka kabla mwezi haujaandama. Anayeomba siku moja ya Idd anacheza bahati nasibu: Ramadhani ikiisha kwa siku 29 badala ya 30, siku aliyopewa si ya Idd. Omba siku mbili zinazofuatana, zote zinazoweza kuwa mosi Shawwal, na uombe mwanzoni kabisa mwa muda wa maombi. Kubadilishana zamu na wenzako wa Kikristo ni njia nzuri ikiwa wewe utawafanyia Krismasi bila kukumbushwa. Lakini mabadilishano yapite kwa mpanga zamu yaandikwe, kwa kuwa saa za mapumziko lazima zihesabiwe upya kwa wote wawili.

Mapumziko yenyewe yaeleweke nyumbani. Saa 12 kati ya kazi na kazi si saa 12 za familia. Toa safari ya kwenda na kurudi, kula, kuoga na kusali, kinachobaki ni usingizi na mazungumzo mafupi. Zamu tatu za alfajiri zikifuatana, deni la usingizi hujilimbikiza hata kwa kijana. Mlipe usingizi wake: chumba chenye giza, feni, simu mbali, na watoto wacheze upande wa pili wa nyumba. Kesha la harusi la usiku wa kuamkia kazi alikose, na wazee wasimwite mwenye kiburi. Akiona kichwa kizito, aseme hafai kuruka leo. Atapoteza marupurupu ya siku moja, basi. Jamaa wanaomsukuma aende kwa sababu kuna deni la kulipwa wanamsukuma yeye na abiria wake.

Kwa Ramadhani, aulize mapema sheria za shirika lake kuhusu kuruka ukiwa umefunga, kwa kuwa upungufu wa maji na kushuka kwa sukari hupunguza umakini bila mtu kujitambua. Dini imempa msafiri ruhusa ya kula akalipa baadaye.

Cheti cha afya cha daraja la kwanza ndicho ufunguo wa yote. Kifanyiwe vipimo kabla hata shilingi moja ya karo haijalipwa, kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hasa macho na kutofautisha rangi. Kuna waliosoma hadi mwisho ndipo wakaambiwa rangi zinawachanganya. Baada ya kuajiriwa, cheti hudumu miezi 12. Akifika miaka 40 na akiwa anabeba abiria peke yake bila rubani msaidizi, ni miezi sita. Presha na sukari ni magonjwa ya mshahara wake, kwa hiyo chumvi ya chakula na vitafunio vya mafuta ni hesabu za nyumba pia. Achukue bima ya kupoteza leseni, na asome mambo matatu: huanza kulipa baada ya miezi mingapi, inalipa kwa mkupuo au kila mwezi, na ni magonjwa gani imeyatenga.

Mzazi anayeuza kiwanja ajue na urefu wa njia. Leseni ya urubani ya kibiashara kwa kawaida hupatikana kwa saa 200 za kuruka. Ya kuwa kapteni wa ndege kubwa huhitaji 1,500. Kijana akipata saa 40 kwa mwezi, pengo hilo la saa 1,300 ni karibu miaka mitatu, na wengi hawapati 40. Miaka hiyo alishwe na bajeti, asitegemewe kulisha. Shirika likimlipia mafunzo ya aina mpya ya ndege, litamfunga kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu. Aangalie kama deni hupungua kila mwezi au hudaiwa lote mpaka siku ya mwisho. Akienda nchi za Kiarabu za Ghuba kuna mshahara usiotozwa kodi ya mapato, lakini kazi ikikatika na kibali cha kukaa hukatika pamoja nayo, watoto wakiwa katikati ya muhula.

Ombi langu kwa mashirika yanayohudumia Manda na Malindi ni dogo. Toeni rosta wiki nne kabla, na onyesheni siku za kungoja simu kwa rangi yake. Na palipo na marubani wa kutosha wenye familia huku, jaribuni kulaza ndege moja Malindi ili zamu ya asubuhi ianzie Pwani. Abiria wa kwenda Nairobi wa asubuhi wapo.

Mpanga zamu za marubani,
Malindi