Umeme wa jioni unatoka wapi?

Mhariri,

Mashirika ya umeme ya mikoa yanajivunia mitambo ya jua, na yana haki. Lakini jua likizama ndipo kila nyumba inawasha taa, jiko na pasi. Hapo huokoa jahazi betri, au maji ya bwawa, ambayo mitambo yake huongeza nguvu ndani ya dakika chache. Basi watueleze wazi jioni wanategemea nini.

Kuna na suala la taarifa kabla ya umeme kukatwa. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Nimemwona muuguzi akihamisha vichupa gizani, kimoja kimoja, kwenye kisanduku chenye barafu. Hakuna aliyemwarifu kuwa umeme ungekatwa. Kabla ya kufadhili jezi za mpira, shirika lipige simu zahanati.

Msomaji wako